Kutua bila kudunda: mwongozo kamili kwa anayejifunza urubani na kwa mwenye leseni ambaye mkono umepoa

Kuna hatua kwenye mafunzo ya urubani karibu kila mtu anakwama nayo. Kupaa umeshaweza, kona umeshazizoea, redioni huogopi tena, lakini kila ukija kutua ranwei inakujia kama inakukimbilia, unavuta usukani mapema ndege inaelea inaelea afu inadondoka puu, au unachelewa inadunda kama mpira, mwalimu anashika usukani kimya kimya na wewe unarudi nyumbani huna hamu ya kuongea na mtu. Mimi ilinikalia hivyo wiki kadhaa. Nilikuwa naamini tatizo ni mikono yangu, kumbe mikono haikuwa na shida kubwa, shida ilikuwa spidi niliyokuja nayo na mahali macho yangu yalipokuwa yanaangalia, hivyo viwili tu. Kwa hiyo mwongozo huu nimeuandika kwa mpangilio huo, tunaanza mbali na ranwei kabisa, manake ukifika kwenye lami na makosa matano mgongoni hakuna mkono wa kuyatengeneza yote kwa sekunde tatu.

Naongelea ndege ndogo za injini moja zenye tairi la mbele, zile tunazojifunzia wengi. Na chochote nitakachosema kikigongana na kitabu cha ndege yako au na mwalimu wako, fuata kitabu na mwalimu.

Hatua ya 1: namba zako ziandike ukiwa bado chini

Fungua kitabu cha ndege unayoruka wewe, modeli ileile, maana Cessna 172 ya zamani na 172 mpya namba zake hazilingani. Andika spidi ya faino (kile kipande cha mwisho cha kunyooka kuelekea ranwei) ukiwa na flapsi zote (vile vipande vya nyuma ya mabawa unavyoshusha ili ndege ibebwe kwa spidi ndogo), spidi ya faino bila flapsi (siku flapsi zikigoma utashukuru), na upepo wa ubavuni ambao ndege hiyo imejaribiwa nao. Cessna 172 nyingi watu wanakuja faino na noti (maili za baharini kwa saa) 65 hivi wakiwa na flapsi zote, 152 ni kama 60. Kama huna namba kabisa, kanuni ya jumla ni kuchukua spidi ambayo ndege inastoli (mabawa yanaacha kuibeba) ikiwa na flapsi zote, unazidisha kwa 1.3. Inastoli kwa 50? Njoo na 65.

Sasa kwa nini nakazia spidi hivi. Nguvu ambayo ndege inabeba ikigusa chini inakua kwa mraba wa spidi, yaani ukija na 75 badala ya 65 umeongeza noti 10 tu lakini nguvu ya kumaliza imeongezeka kama theluthi moja. Hiyo nguvu lazima iende mahali, na inaenda kwenye kuelea. Ndege ikishakuwa chini kuliko urefu wa mabawa yake, na 172 ina mabawa ya mita 11, ardhi inaizuia hewa isizunguke kwa uhuru kwenye ncha za mabawa, ukinzani unapungua na ndege inakuwa haitaki kushuka, ndo unaona mtu anakula nusu ya ranwei akiwa futi tatu juu. Wanafunzi wengi wanaongeza spidi "kwa usalama". Naelewa woga huo, niliuishi, ila usalama haupo huko.

Upepo wa mafungu (unaovuma kwa vishindo) ndo peke yake unaoruhusu nyongeza, tena yenye hesabu: chukua tofauti kati ya upepo wa kawaida na fungu lake, gawa kwa mbili, ongeza hiyo. Upepo 12 mafungu 20, tofauti 8, nusu 4, basi 65 inakuwa 69.

Na hesabu ya upepo wa ubavuni ifanye chini pia. Ukiwa na pembe ya digrii 30 kutoka kwenye ranwei, nusu ya upepo ni ya ubavuni, digrii 45 ni kama sehemu saba za kumi, digrii 60 ni kama sehemu tisa za kumi. Ranwei 09 (inaelekea digrii 90), upepo unatoka digrii 120 kwa noti 16, hiyo ni pembe ya 30, ubavuni una noti 8. Kitu kimoja wengi hawaambiwi mapema: upepo unaosomewa na mnara ni kwa dira ya sumaku kama namba ya ranwei ilivyo, lakini ule ulioandikwa kwenye ripoti ya hali ya hewa ni kwa kaskazini halisi. Sehemu zenye tofauti kubwa kati ya hizo mbili, hesabu yako inaweza kutoka pembeni kabisa.

Hatua ya 2: dauniwindi, tengeneza ndege iliyotulia

Dauniwindi ni ule upande wa sakiti (mzunguko wa kuzunguka uwanja) unaoruka sambamba na ranwei, kinyume na unakoelekea kutua. Kawaida unakuwa futi 1,000 juu ya uwanja. Juu ya uwanja nimesema, kama uwanja upo futi 4,000 basi altimita inasoma 5,000. Na kwenye viwanja vya juu hivyo utaona ardhi inapita haraka kuliko ulivyozoea, kwa sababu hewa ni nyepesi na spidi yako halisi imepanda kama asilimia 2 kwa kila futi 1,000, ila wewe endelea kusoma mita ya spidi na kuja na namba ileile. Mtu akidanganywa na macho akapunguza spidi hapo anajitafutia stoli.

Maliza cheki zako mapema. Ukiwa sambamba na sehemu unayotaka kugusa, washa hita ya kabureta kama ndege inayo (inazuia barafu kwenye kabureta), punguza pawa (172 nyingi ni kama 1,500 kwenye mita ya mizunguko), ngoja spidi iingie kwenye upinde mweupe (spidi zinazoruhusu flapsi) ndo uweke flapsi ya kwanza, kisha trimu (kile kigurudumu kinachokupunguzia uzito wa usukani). Trimu trimu trimu. Ukiachia usukani kidogo ndege inatakiwa ibaki na spidi yake yenyewe. Kama unaushikilia kwa nguvu muda wote, ukifika chini mkono umeshachoka na huwezi kusikia ndege inakwambia nini.

Hatua ya 3: besi, na ile kona ya kuingia faino

Kichwa cha ranwei kikiwa nyuma ya bega lako kwa kama digrii 45, kata kona ya besi (upande mfupi unaotoka dauniwindi kwenda faino). Flapsi ya pili, cheki spidi, angalia kama uko juu au chini kuliko kawaida na urekebishe hapohapo kwa pawa. Besi ndo sehemu ya kurekebisha mwinuko, watu wanaipita kama barabara ya vumbi wakitaka tu wafike faino.

Kona ya kutoka besi kwenda faino naomba uisome taratibu, manake hii imeua watu wenye masaa mengi kuliko mimi na wewe. Inaanza hivi: upepo unakusukuma kutoka nyuma ukiwa besi, unachelewa kukata, unaona umepitiliza mstari wa ranwei. Mwili wako unataka kuisukuma pua irudi kwa mguu, unakanyaga pedali ya upande wa kona, bawa la ndani linazidi kulala, unalizuia kwa usukani, pua inashuka unavuta. Hapo umeshapika stoli ya upande mmoja ukiwa futi 400, bawa la ndani linaanguka kwanza na ndege inapinduka, na mwinuko wa kuitoa huna.

Kumbuka pia ndege ikilala inastoli kwa spidi kubwa zaidi: digrii 30 inapanda asilimia 7 tu, digrii 45 asilimia 19, digrii 60 asilimia 41. Kwa hiyo jiwekee sheria, kwenye sakiti hulazi bawa kupita digrii 30 hata iweje. Umepitiliza? Acha ipitilize, rudi taratibu kwa kona ya kawaida, au ghairi ukazunguke tena. Hakuna atakayekucheka, na hata akicheka wewe uko hai. Kama unapitiliza kila mara basi dawa ipo nyuma, kata besi mapema kidogo siku ambayo upepo unakusukuma.

Hatua ya 4: faino, tafuta kitu kisichosogea

Chagua alama moja kwenye ranwei, wengi wanatumia zile namba. Iangalie kwenye kioo cha mbele. Alama ikibaki palepale kwenye kioo huku inakua tu, ndipo unapokwenda. Ikipanda juu kwenye kioo utafika chini kabla yake, ikishuka kuelekea chini ya pua utaipita. Hiki kitu ndo kilinifungua macho, manake kabla ya hapo nilikuwa nakisia tu "naona niko juu" "naona niko chini" bila kujua naona nini.

Mpangilio wa mikono: pua inashika spidi, pawa inashika kushuka. Kuna shule wanafundisha kinyume na ndege inatua vilevile, shika moja uliyofundishwa usichanganye. Faino yote ni mzunguko uleule wa macho, alama, spidi, mstari wa kati, alama, spidi, mstari wa kati.

Namba za kukusaidia: njia ya kawaida ni digrii 3, ambayo ni kama futi 300 kwa kila maili ya baharini moja. Na kiasi cha kushuka, zidisha spidi ya ardhini kwa 5, noti 65 bila upepo inakupa kama futi 325 kwa dakika. Kama uwanja una zile taa nne za pembeni, nyeupe mbili na nyekundu mbili uko sawa, nyeupe zote uko juu sana, nyekundu zote uko chini sana na hiyo ya mwisho usiivumilie hata sekunde.

Angalia pia upana wa ranwei. Ukiwa umezoea ranwei nyembamba afu ukaenda kwenye pana, utahisi uko chini na utavuta mapema ukiwa juu. Kutoka pana kwenda nyembamba ni kinyume, utahisi uko juu, utashuka chini kuliko inavyotakiwa. Ranwei inayopanda mlima nayo inakudanganya kwamba uko juu. Ukienda uwanja mgeni jua hili kabla, sio unaligundua ukiwa futi 50.

Halafu weka mstari wako. Wangu ni futi 300 juu ya uwanja: nikiwa hapo spidi haijakaa, au siko kwenye mstari, au pawa naipandisha na kuishusha kama nachota maji, naghairi. Nimeamua nikiwa chini nimetulia, kwa hiyo angani sijadiliani na mtu.

Hatua ya 5: kunyoosha, fleya, na macho

Ukishajua kwa hakika ranwei unaifikia, ukiwa kama futi 10 hadi 20 juu, unafanya mambo mawili taratibu: unaanza kuondoa pawa na unanyoosha ndege isiendelee kushuka. Hujaanza kutua bado, umeigeuza tu kutoka kwenye kushuka kuwa kwenda sambamba na lami.

Na hapo hapo HAMISHA MACHO. Toa kwenye ile alama, peleka mwisho wa ranwei. Ukiendelea kuangalia lami iliyo karibu na pua, inapita kwa kasi na ubongo hauwezi kupima umbali, ndo unavuta kwa kushtuka. Ukiangalia mbali, pembeni ya macho yako unaona ardhi inapanda pande zote mbili, na ubongo unapima wenyewe vizuri tu. Zoezi ambalo lilinisaidia kuliko maelezo yote: ndege ikiwa imesimama ranwei kabla ya kupaa, kaa sekunde tano uangalie mwisho wa ranwei na uone ardhi ipo wapi pembeni mwa macho. Picha hiyo ndo unayoitafuta ukirudi.

Baada ya kunyoosha inakuja fleya, yaani kuinua pua taratibu, na hapo kazi yako ni moja, usiiache ndege itue. Ndiyo, izuie. Inashuka kidogo unavuta kidogo, inashuka tena unavuta tena kidogo, spidi inakufa, pua inapanda polepole mpaka inaziba mwisho wa ranwei, honi ya stoli inaanza kulia, na matairi makuu yanagusa yenyewe. Kama umevuta na ndege ikaanza kupanda, usisukume mbele, shikilia hapo ulipo ngoja ishuke ndo uendelee kuvuta. Kusukuma mbele ukiwa futi tano ndo chanzo cha kuvunja mguu wa mbele na kupiga pangaboi chini.

Viti navyo vinachangia. Kaa urefu uleule kila siku. Mtu akikaa juu leo na kesho chini, picha anayoiona inabadilika, halafu anashangaa kwa nini jana alitua vizuri. Kama unahitaji mto wa kukalia, beba wako kila siku.

Hatua ya 6: upepo wa ubavuni

Faino unaweza kuja pua ikiwa imeelekea upepo kidogo, ndege inatembea mshazari lakini kwenye mstari, haina shida. Shida ni kugusa hivyo, matairi yanapokea mzigo wa pembeni ambao hayakutengenezewa. Kwa hiyo kabla ya kugusa unainyoosha pua kwa pedali iwe sambamba na ranwei, na kwa usukani unalaza bawa la upande wa upepo kiasi cha kuzuia isisukumwe. Kifupi, miguu inashika pua, mkono unashika mstari wa kati. Tairi la upande wa upepo linagusa kwanza, kisha la pili, kisha la mbele, na hiyo ni sawa kabisa hata kama inaonekana vibaya.

Mwanzoni mwombe mwalimu mpite chini juu ya ranwei ndefu bila kugusa, yeye anashika pawa wewe unafanya miguu na mkono tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kupita mara nne hivyo kunafundisha kuliko kutua ishirini kwa kubahatisha.

Ile namba ya kitabu, mfano 172 nyingi ni noti 15, ni upepo uliojaribiwa na rubani aliyebobea. Wewe jiwekee yako ndogo na uipandishe mwalimu akiwa kando yako.

Hatua ya 7: ikidunda, na jinsi ya kughairi

Ikidunda kidogo shikilia pua ilivyo, ongeza pawa kidogo kulainisha, itue tena. Ikidunda juu, au ikadunda mara ya pili, usihangaike nayo, goaraundi (ghairi kutua, upae tena). Kila mdundo unakuwa mbaya kuliko uliopita na wa tatu ndo unaovunja ndege.

Goaraundi yenyewe: pawa yote, hita ya kabureta irudishe baridi manake inakula nguvu ya injini, zuia pua isipande. Hapa watu hawategemei, ndege ilikuwa imetrimiwa kwa kushuka na flapsi zote, ukiweka pawa yote pua inataka kuruka juu kwa nguvu, inabidi uisukume mbele kweli, na pedali ya kulia ukanyage, kwa injini zinazozunguka kulia ukitazama kutoka kitini. Flapsi punguza kwa hatua, kwenye 172 unatoa hadi 20 mara moja, zinazobaki ndege ikishapanda na kuwa na spidi. Usizirudishe zote kwa mpigo, itazama. Redio mwisho kabisa, kwanza ndege.

Fanya goaraundi moja kila somo hata kama kila kitu kiko sawa. Mwili ukizoea, siku ya kweli hautasita.

Ukishagusa

Hujamaliza. Macho mbele, miguu hai, usukani endelea kuuvuta ili tairi la mbele lishuke taratibu, na kama kuna upepo wa ubavuni geuza usukani kuelekea upepo unavyopungua spidi. Breki baadaye na kwa upole. Flapsi, taa, vitu vingine usiviguse mpaka umetoka kwenye ranwei na umesimama, kuna watu wamekunja matairi ya ndege wakidhani wanakunja flapsi.

Maswali ninayoulizwa sana

*Nina masaa 20 na bado sijaachiwa peke yangu, je mi sifai?* Unafaa. Kiwango cha chini cha leseni ni masaa 40 Marekani na 45 Ulaya, na ni kiwango cha chini tu, wengi wanakipita. Usijilinganishe na mwenzako anayeruka kila siku wakati wewe unaruka mara moja kwa wiki mbili. Ukiweza, bana masomo yawe karibu karibu, kutua kunasahaulika haraka sana.

*Jana nilitua vizuri leo vibaya, kwa nini?* Kwanza angalia upepo, uzito na kiti. Ukiwa na mwalimu ndani na matangi yamejaa, ndege ni nyingine kabisa. Siku ya kwanza ukiwa peke yako itapanda haraka na itaelea zaidi, mwalimu atakwambia lakini bado itakushangaza.

*Nitue mara ngapi kwa somo?* Kwangu baada ya sita au saba ubongo unakuwa umejaa na zinazofuata zinaharibika. Ukiona hivyo omba mwende mkaruke sehemu nyingine kidogo au mrudi.

*Nina leseni ila sijaruka miezi minne.* Kubeba abiria, Marekani na Ulaya zote zinataka uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Hata kama hubebi mtu, chukua mwalimu saa moja ufanye sakiti, na umwambie akukatie pawa mara moja ukiwa dauniwindi.

Kitu cha mwisho ninachokuomba ufanye kuanzia somo lijalo: nunua daftari dogo, ukishazima injini kabla hujashuka andika kwa kila kutua vitu vitatu, spidi uliyokuwa nayo ukipita mwanzo wa ranwei, macho yalikuwa wapi ukigusa, na upepo ulikuwaje. Usiandike "nzuri" au "mbaya". Kwenye daftari langu niliyodunda karibu zote zilikuwa 72 au 74, na mbele yake nimeandika "lami karibu na pua".